Ofisi Yetu Juu ya Karakana ya Bati

Kampuni yetu ilianzia sebuleni mwangu, mtaa wa Migosi mjini Kisumu, katika nyumba ya kupanga nilimoishi na binti yangu, ambaye wakati huo ndiyo kwanza alikuwa anajifunza kutembea. Tulikuwa watu watatu. Mimi niliandika ile sehemu ya programu isiyoonekana, inayokaa nyuma na kutunza taarifa. Rafiki yangu niliyesoma naye chuo alichora sura yake, yaani vitufe, rangi na maneno ambayo mtumiaji hukutana nayo. Wa tatu alikuwa mwanamume wa kutoka Kisian, nje ya mji, mpole wa sauti na mkali wa kazi, aliyepoteza uwezo wa kuona alipokuwa shule ya upili. Yeye alifanya kazi kwa masikio. Kompyuta yake ilimsomea kila kilichoandikwa kwenye skrini, tena kwa kasi ambayo sisi wengine tuliisikia kama mahindi yanayomwagwa kwenye karai. Yeye alielewa kila neno, na akilala njaa au akishiba, hakuna kosa la programu lililompita.

Asubuhi moja alikuwa akizungumza kwa simu na daktari wa kliniki iliyokuwa mteja wetu wa kwanza. Tulikuwa tunawatengenezea mfumo wa kuwakumbusha akina mama siku za kuwaleta watoto kwa chanjo. Aliinuka, akasogea dirishani ambako mtandao ulikuwa na nguvu, akaongea huku amesimama, kisha akarudi kuketi. Akaketi juu ya bakuli la uji la binti yangu.

Nilimwona uso ukikaza, halafu nikamsikia akisema kwa utulivu uleule, "Ndiyo, daktari. Hilo tutalirekebisha." Akamaliza maongezi, akaaga, akakata simu.

"Nani atanipa kitambaa?" akauliza.

Mchoraji wetu alicheka, na mimi nikacheka kwa aibu, na yeye akacheka pia. Nilidhani yamekwisha. Lakini jioni nilipomsindikiza kituoni, akasimama kabla hatujafika barabarani.

"Sijakasirika kwa sababu ya uji," alisema. "Mtoto ni mtoto. Lakini kwako kila asubuhi nakuta nyumba imehama. Jana hapa palikuwa na kiti, leo ni beseni la nguo. Nikifanya kazi, nusu ya akili yangu iko kwenye miguu."

"Unataka kutuacha?"

"Nataka mahali ambapo kitu kikiwekwa kimewekwa. Mama ana chumba nyuma ya nyumba kule nyumbani. Nitafanyia kazi huko."

"Na mtandao wa Kisian?"

"Hilo nalo," alisema, akatabasamu kidogo.

Nilijua akienda tutaendelea kwa muda, tukitumiana ujumbe na kupigiana simu, kisha tutalegea kidogokidogo kama kamba iliyofungwa vibaya. Mambo yetu mazuri yote yalizaliwa tukiwa chumba kimoja, mmoja akinung'unika na mwingine akimsikia. Nikamwomba anipe muda kidogo nitafute ofisi. Alikubali, ingawa nilimsikia kwenye sauti kwamba alikubali kwa heshima tu.

Basi tukaanza kutafuta. Dalali wetu wa kwanza, kijana mwenye viatu vinavyong'aa, alitupeleka Milimani, kwenye nyumba kubwa yenye nyasi zilizokatwa vizuri na maua yaliyopanda ukuta hadi juu. Mwenye nyumba, mzee aliyestaafu kazi ya serikali, alitutembeza vyumba vyote. Dari zilikuwa juu, upepo ulipita, miti nje ilileta kivuli. Nilishaanza kupanga meza kichwani. Kisha yule mzee akanivuta kando kidogo, si mbali, akaniuliza:

"Na huyu, ataweza kweli kujua choo kiko wapi? Sitaki ajali kwangu."

"Niulize mimi mwenyewe, Mzee," yule mwenzangu wa Kisian akasema kutoka nyuma. "Niko hapa hapa."

Mzee akakohoa. Akasema hakuwa na nia mbaya, ni kujali tu. Tukamshukuru, tukatoka. Langoni mwenzangu akaniuliza, "Nyumba ilikuwa nzuri?"

"Nzuri sana."

"Basi tuwaachie wenyewe."

Tuliona vyumba vingine. Kimoja kilikuwa juu ya baa, kingine kilipakana na kanisa ambako kwaya ilifanya mazoezi kutwa, na walikuwa waimbaji wazuri, lakini huwezi kuandika programu huku mguu unacheza. Kingine hakikuwa na dirisha hata moja. Nilikuwa nimeanza kukata tamaa mchoraji wetu alipokuja na habari kutoka kwa shangazi yake, mteja wa zamani wa fundi cherehani mmoja katikati ya mji. Fundi yule alikuwa amefariki. Chumba chake cha juu, alichoshonea nguo maisha yake yote, kilikuwa kimefungwa tangu wakati huo.

Jengo lilikuwa la zamani, lenye kuta nene na madirisha marefu ya mbao, si mbali na msikiti. Tulikwenda Ijumaa jioni. Mjane wa fundi alitupokea chini ya ngazi, mtandio mweusi mabegani, funguo mkononi. Wazee wake walitoka pwani zamani wakaoa na kuolewa huku ziwani, na Kiswahili chake kilikuwa laini. Kiswahili chetu cha Kisumu, kinachotembea bega kwa bega na Dholuo na Kiingereza, kilijikwaa mbele yake.

"Karibuni wanangu. Nani kati yenu ndiye mwenye ofisi?"

"Sisi wote, Mama," nilisema.

Akamgeukia mwenzangu moja kwa moja. "Baba, ngazi hizi zina ukuta mkono wako wa kulia. Karibu na juu kuna moja iliyoliwa pembeni. Ukiifikia utaisikia, inalia. Usiikanyage ukingoni."

"Asante, Mama."

Alipanda mbele, sisi nyuma. Ile ngazi ililia kweli. Ndani kulikuwa na harufu ya mafuta ya cherehani na nguo zilizokaa. Katikati ya chumba ilisimama meza ya kukatia nguo, ndefu na pana, ya mbao nzito. Mwenzangu alipiga makofi mara mbili, akasikiliza, akatembea polepole huku kiganja kikipita kwenye kingo za meza mpaka akaizunguka yote. Akafika dirishani, akalisukuma likafunguka. Upepo wa ziwa ukaingia.

"Hapa pana nafasi ya kufikiri," alisema.

Mama akatuambia hana masharti mengi ila moja: meza ile isitoke. Mumewe aliiundia humo humo chumbani, na ili kuitoa ni lazima ikatwe. Tukamwambia tunaitaka ilivyo. Kodi yake tuliimudu. Tulikubaliana siku hiyohiyo.

Majuma yaliyofuata yalikuwa ya furaha ya ajabu, ile ya mtu anayejenga kitu kwa mikono baada ya kuzoea kujenga vitu visivyoshikika. Tulipaka kuta rangi nyeupe yenye ubaridi kidogo, kwa sababu nyeupe tupu iliwaumiza macho wenye macho. Fundi wa stima alipitisha nyaya ndani ya mifereji ya plastiki ukutani, na soketi tukaziweka juu ya meza badala ya sakafuni, ili waya usimkwaze mtu. Meza ya fundi cherehani ilitutosha sote watatu na mgeni. Tulinunua viti vilivyotumika kutoka kwenye shule moja ya kompyuta iliyofungwa. Betri kubwa na kifaa chake cha kubadili umeme tukavifungia kwenye kabati lenye matundu, kwani stima ya mjini hupotea bila kuaga, na mwenzetu huyu stima ikipotea ndiye wa mwisho kujua, mpaka kompyuta imnyamazie.

Madirishani tuligongomea wavu mwembamba. Yeyote aliyeishi hapa anajua sababu. Kuna jioni ambazo wadudu wadogo wa ziwani hupanda kama moshi kutoka majini, na skrini inayong'aa kwao ni karamu.

Kisha tukaweka sheria, na aliyeziweka ni yeye. Mlango uwe wazi kabisa au umefungwa kabisa, usiachwe nusu. Kiti kirudishwe chini ya meza ukiinuka. Mkoba usikae sakafuni. Anayeingia aseme kitu, hata kama ni kukohoa.

"Ni hayo tu?" mchoraji aliuliza.

"Na mtu asiniwekee kitu mkononi bila kuniambia ni nini. Hasa chai."

Yeye mwenyewe alipanga vitu vyake mwisho wa meza karibu na dirisha, akavigusa kimoja kimoja, akavigusa tena. Nilimwona mabega yake yakishuka. Sikuwahi kuyaona yameshuka hivyo pale Migosi.

Tulihamia rasmi Jumatatu. Tuliwasha kompyuta, tukamwaga chai kutoka kwenye chupa, mchoraji akatoa chapati alizofungiwa na mama yake, tukala tukishukuru. Halafu kazi ikaanza. Na chini yetu ikaanza nyundo.

Tulikuwa tumekuja kuona chumba jioni, na kazi ya kukipamba tuliifanya zaidi Jumapili na saa za baada ya kazi. Tuliona milango ya chini imefungwa tukadhani ni ghala. Kumbe ilikuwa karakana ya bati. Humo walitengeneza masanduku ya wanafunzi wa bweni, majiko ya makaa, mikebe ya kumwagilia maji na mifereji ya paa. Nyundo iligonga bati, bati likagonga fuawe ya chuma chini yake, na ukuta mnene niliousifu ukaibeba sauti na kuipandisha mpaka kwenye meno yetu.

Mimi na mchoraji tulitazamana. Sisi tungeweza kuvumilia. Mwenzetu alikuwa amevaa hedifoni sikio moja, kama ilivyokuwa desturi yake, kwa maana sikio la pili ndilo lililomwambia nani ameingia na nani ametoka. Akaongeza sauti. Akaongeza tena. Akalifunika na sikio la pili. Baada ya muda akaivua yote, akaiweka mezani taratibu, akakaa na mikono mapajani.

"Leo naumwa na kichwa," alisema. "Naenda nyumbani."

Alipoondoka, mchoraji alianza kulia. "Sasa itakuwaje? Tumeshapaka hadi rangi."

Nikashuka.

Fundi bati alikuwa mtu mzima, mpana wa kifua, aproni ya ngozi, kalamu ya risasi juu ya sikio. Mkewe alikuwa kando akipaka majiko rangi ya fedha. Nilimsalimia kwa Dholuo, kisha tukachanganya lugha kama tunavyochanganya sote.

"Nyinyi ndio wa juu?" aliuliza. "Karibuni sana. Mzee aliyekuwa hapo, tulikaa na yeye vizuri."

"Baba, tuna shida na kelele."

Akacheka. "Nyathina, mwanangu, hii kelele yangu ndiyo tangazo yangu. Mtu akipita barabara hiyo ya huko, anasikia, anajua fundi yuko. Nikinyamaza wanasema nimekufa."

Nikamweleza kuhusu mwenzetu, kwamba yeye anasoma kwa masikio, na kelele kwake ni kama mtu kukumwagia masizi kwenye karatasi unayoisoma. Aliacha kucheka. Akatazama nyundo yake.

"Sasa mimi nifanye nini? Hiyo ndiyo kazi. Januari inakuja, watoto wanataka masanduku."

"Sijui," nilisema. Hakuwa mtu mbaya, na alitutangulia hapo miaka mingi.

Nilipotoka nilimkuta Mama mwenye nyumba mlangoni, amesikia yote. Alionekana amehuzunika.

"Mume wangu hakuwahi kulalamika," alisema. "Nami nikasahau kwamba kuna kelele. Ningewaambia, wallahi."

"Yeye alivumilia vipi, Mama?"

"Enzi zake hapakuwa na kelele nyingi juu. Chumba kilijaa vitambaa. Marobota ukutani, marobota sakafuni, nguo za watu zimetundikwa kila mahali. Ukiongea humo sauti ilikuwa haifiki popote." Kisha akanishika mkono. "Njoo."

Nyuma ya jengo alikuwa na stoo ndogo. Alipofungua, magunia yalikuwa yamepangwa hadi darini. Yalikuwa mabaki ya vitambaa, vipande ambavyo fundi hakuwa na moyo wa kuvitupa: sufu za suti, khaki za sare za shule, vitenge, bitana. Mama alikuwa hajavigusa tangu mazishi.

"Watu wameniambia nivichome," alisema. "Nimeshindwa."

Nilimpigia simu mwenzangu hapo hapo, nimesimama katikati ya magunia. Nikamwuliza kama fremu nyembamba za mbao zilizojazwa vitambaa na kufungwa ukutani zingesaidia. Akasema, "Ukutani pekee hapana. Sauti inatoka chini. Tuanze sakafu." Nilisikia kwenye sauti yake kwamba amekwisha kuanza kufikiri, na moyo wangu ukatulia.

Kazi ile ilituchukua siku kadhaa. Seremala alitengeneza fremu nyepesi. Sisi tulichambua vitambaa na kuvishindilia ndani, vile vizito vya sufu vikatengwa kwa sakafu, tukavitandika chini ya zulia kuukuu tulilolipata sokoni. Kilichobaki kilikuwa kushona vifuniko vya zile fremu, na hakuna kati yetu aliyejua. Mama alipanda juu, akavua mtandio, akaketi kwenye cherehani ya mumewe iliyokuwa bado kwenye kona. Aliipangusa vumbi, akaitia mafuta, akasukuma gurudumu kwa mkono. Ilizunguka. Akashona kutwa bila kusema mengi. Mara moja tu aliinua kichwa na kusema, "Alinifundisha yeye. Nilikuwa nashona pindo bovu, akinicheka." Kisha akaendelea.

Siku ya kujaribu, mwenzangu alikuja mapema. Nyundo zilipoanza, alisimama katikati ya chumba kichwa amekiinamisha.

"Imepungua?" nikauliza.

"Imepungua. Ukutani imekufa. Sakafuni bado inapanda, hasa ile nzito." Akafikiri. "Naomba fundi aje juu."

Nilishuka kumwita. Alipanda na aproni yake, akashangaa chumba kilivyobadilika, akasalimiana na mwenzangu kwa mikono miwili. Mwenzangu akamwomba akae kwenye kiti chake, akamvalisha hedifoni, akaiwasha ile sauti ya kompyuta kwa mwendo wa polepole ili aielewe. Mke wa fundi alibaki chini, akapiga sanduku moja kama kawaida.

Fundi alisikiliza. Nyundo ikapiga. Akaruka kidogo.

"Wuololo!" alisema. "Kumbe mimi niko hivi?"

Tulicheka wote, naye akacheka kuliko sisi. Lakini alibaki ameketi. Akasikiliza mistari mingine michache, nyundo ikipita juu yake. Akavua hedifoni, akaishika kwa vidole vyake vipana kama yai.

"Na hii ndiyo unasoma siku nzima?"

"Siku nzima, Baba."

"Ngoja," alisema, akashuka.

Hakutuambia anafanya nini. Tulisikia vitu vizito vikiburutwa. Alikuwa anainua fuawe yake na kuiweka juu ya tairi kuukuu la lori, ndani yake amejaza mchanga. Kazi ya kukunja bati kubwa aliihamishia uani nyuma, chini ya paa la bati, ambako hata hivyo, alisema baadaye, kuna upepo mzuri kuliko ndani. Mbele barabarani alibakisha kazi ndogondogo, wateja waendelee kusikia kwamba yu hai. Nyundo ilipoanza tena, iliingia kwetu kama mtu anayebisha hodi nyumba ya tatu.

Mwenzangu alivaa hedifoni. Sikio moja.

Mfumo wa kliniki ulianza kutumika kabla ya msimu wa mvua ndefu. Daktari alituma ujumbe kwamba asubuhi hiyo akina mama walikuwa wamejaa kwenye benchi, wengine wamefika kwa sababu simu zao ziliwaambia, na mmoja alikuwa amekuja kutoa shukrani kwa mtu aliyemtumia ujumbe, akidhani ni muuguzi. Baada ya hapo zikaja kliniki nyingine, kisha chama cha wafugaji wa kuku, kisha shule. Tumeajiri watu wawili zaidi. Mmoja wao, msichana aliyemaliza chuo hapa hapa mjini, ana uoni hafifu, na mwenzangu ndiye aliyemfanyia usaili. Siku yake ya kwanza alimpandisha ngazi mwenyewe, akamweleza sheria za mlango na viti, akamwachia achague mahali pa kukaa.

Mama naye amekodisha chumba cha pili kwa wanawake wanaojifunza kushona, na ndiye anayewafundisha. Alisema alichoka kukaa na mikono mitupu. Cherehani zao zina sauti ya chini, tumezizoea.

Jana mimi na mwenzangu tuligombana. Tuligombana kweli, juu ya jinsi ya kuhifadhi taarifa za shule, yeye akiona njia yangu ni ya uvivu na mimi nikiona ya kwake ni ya kujitesa. Mchoraji alivaa hedifoni zake asitusikie. Ilipofika saa ya chakula hatukuwa tumepatana, tukashuka pamoja kula samaki kwa yule mama wa ng'ambo ya barabara, bado tunabishana, fundi bati akatuuliza tulipopita kama kuna vita huko juu.

"Ni kazi tu, Baba," mwenzangu alimjibu, akiwa ameshateremka ngazi zote bila kugusa ukuta.